Naomba kumtambua mnyama huyu: pua ndefu, mgongo mweusi, anatembea mchana (Kisarawe)

#1 Mkorosho

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni msaada wa kumtambua mnyama mmoja anayeonekana kwenye shamba letu la mikorosho huku Kisarawe, upande unaopakana na msitu wa Pugu-Kazimzumbwi. Nimezaliwa na kukulia hukuhuku. Ndezi namjua, panya buku namjua, nguchiro namjua, paa namjua. Huyu sijapata kumwona.

Kwa umbo ni mkubwa kuliko panya wa nyumbani, ila hajafika sungura. Kichwa na mabega ni vyekundu vya udongo, halafu kuanzia mgongoni kwenda nyuma ni mweusi tii. Mkia mrefu, hauna manyoya ya kuonekana. Kilichonishangaza zaidi ni pua: ndefu, nyembamba, na anaipeleka huku na huku anapochakura majani makavu. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, kwa hiyo makalio yanakaa juu. Alipohisi nipo alisimama, akapiga majani kwa mkia, pa, pa, pa, kisha akatimka kwa kurukaruka.

Jirani anasema ndiye anayetumalizia mihogo, na vijana wameshaandaa mitego ya waya. Mama mdogo yeye amekataa, anasema asiguswe mpaka tujue ni nani. Picha sina bado. Wajuvi wa wanyama karibuni.

#2 Dereva wa Fuso

Mkuu, huyo panya buku tu. Mkia una sehemu nyeupe kuelekea mwisho? Kama ipo, basi ndiye, usihangaike.

#3 Mama Kuku wa Kienyeji

Mimi nasema nguchiro. Pua imechongoka, anatembea mchana, anachakura. Fungia vifaranga wako, mwanangu, hao ukiwaachia wiki moja tu huna kuku. Mimi wameshanitia hasara.

#4 Kisiki cha Mpingo

Tusikimbilie jina, wakuu. Nimeongoza watafiti kwenye misitu ya Pwani na Udzungwa, na jambo la kwanza unalofundishwa ni kuacha rangi na ukubwa vikae pembeni kwanza. Rangi inabadilika kwa jua, kwa kivuli, kwa umri wa mnyama. Ukubwa ndio mbaya zaidi, kwa sababu mtu aliyeshtuka humwona mnyama mkubwa kuliko alivyo. Vitu visivyodanganya ni miguu, pua, mkia, meno ukibahatika kuyaona, na saa aliyoonekana. Baada ya hapo unaangalia chini, maana mnyama huandika kazi yake ardhini.

Mkorosho, nijibu haya: 

Ni saa ngapi hasa huwa anaonekana? Anapotembea taratibu, tumbo linakaribia kugusa chini au limeinuka? Ile pua ni ncha tu ya uso iliyochongoka, au ni kitu kinachojitegemea, kinapinda na kunyooka chenyewe? Mkia ni mnene pale unapoanzia? Na pale alipokuwa anachakura, ameacha nini?

#5 Mkorosho

Asante mkuu kwa kuuliza vizuri. Leo asubuhi nimerudi kuangalia.

Huwa anaonekana asubuhi jua likishatoka, na tena alasiri. Usiku tukipita na tochi hatumwoni. Tumbo limeinuka, anatembea kwa ncha za vidole. Pua inapinda kabisa, niliiona inaingia chini ya jani na kulifunua. Mkia ni mwembamba tangu mwanzo, rangi ya udongo, na kuelekea mwisho kuna kipande cheupe.

Ardhini kuna vishimo vidogo vingi, vipana juu na vyembamba chini, kidole kinaingia. Pia chini ya kichaka kilichobaki kati ya shamba na msitu nimeona rundo la majani makavu, upana kama mita moja hivi, limekaa kama majani yaliyokusanywa na upepo, ila siku hizi hakuna upepo wa hivyo. Sikuligusa.

#6 Kisiki cha Mpingo

Vizuri sana kwamba hukuligusa. Hicho ni kiota, na mnyama wako ni sange.

Kuna sange wa aina nyingi barani Afrika. Wako ni katika wale wakubwa, wale ambao wanasayansi huwaweka kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Rhynchocyon. Kwa pande za Kisarawe, mwenye kichwa chekundu na mgongo mweusi ni Rhynchocyon petersi. Alipewa jina hilo la kisayansi mwaka 1880. Anaishi kwenye misitu ya pwani ya Tanzania, misitu ya Milima ya Tao la Mashariki kama Usambara Mashariki, visiwa vya Unguja na Mafia, na kidogo kusini mashariki mwa Kenya upande wa Shimba Hills. Uzito wake ni kama nusu kilo.

Sasa nieleze kwa nini si wale wengine, ili kesho mwenzetu mwingine akimwona ajue njia.

Panya buku kweli ana mkia wenye sehemu nyeupe, Dereva wa Fuso hapo uko sawa, na ndiyo maana watu wengi huchanganya. Lakini panya buku hutoka usiku. Kumkuta mchana mweupe, siku baada ya siku, si kawaida yake. Tena mkia wake umegawanyika: nusu ya kwanza nyeusi, nusu ya mwisho nyeupe. Wa sange una kipande tu cheupe karibu na mwisho. Na panya buku ana mashavu yenye mifuko ya kubebea chakula na meno mawili marefu ya mbele ya kutafunia. Wale panya waliofunzwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu ndio hao. Muone mmoja kwa karibu na hutamchanganya tena na sange.

Nguchiro ana miguu mifupi na mwili mrefu unaokwenda chini kwa chini. Mkia wake una manyoya, mnene pale unapoanzia, unakwenda ukipungua. Pua yake imechongoka lakini haipindi. Mama Kuku, nguchiro akifunua jani hutumia mkono. Sange hutumia pua, na mkono anautumia kufukua. Vile vishimo vipana juu na vyembamba chini ndivyo anavyoviacha anapotafuta chakula kwa makucha ya mbele na pua.

Na kile kipigo cha mkia kwenye majani ni tahadhari. Anamwambia yeyote anayemnyemelea kwamba ameshaonwa. Mbio zake ukiziangalia vizuri zinakaribia za paa mdogo, kwa sababu ya miguu ile mirefu na kutembea kwa vidole. Watu wengi wanaomwona kwa mara ya kwanza husema wameona "kipaa".

#7 Dereva wa Fuso

Nimekuelewa mkuu. Sasa kama si panya, ni nini? Maana kwa macho yangu mwenye mkia ule ni panya.

#8 Kisiki cha Mpingo

Swali hilo limewasumbua wataalamu zaidi ya karne. Kwa muda mrefu walimweka kundi moja na kirukanjia, yule mdogo wa nyumbani mwenye pua ndefu na harufu kali, kwa sababu wote wawili wana pua ndefu na wanakula wadudu. Baadaye wakaona hapana, wakampa oda (kundi kubwa la uainishaji) yake peke yake. Kisha miaka ya 1990 ulipokuja uchunguzi wa vinasaba, ikabainika kwamba ndugu zake ni tembo, nguva, pimbi, muhanga na fuko-dhahabu. Kundi hilo zima lilipewa jina Afrotheria mwaka 1998, kwa sababu chimbuko lao ni bara hili hili. Kwa hiyo anayepita kwenye mikorosho ya Mkorosho yuko karibu zaidi na tembo kuliko alivyo na panya buku, ingawa kwa macho hutaamini.

Kwa mtambuzi wa porini funzo lake ni moja: pua ndefu peke yake haitoshi kukupa jina. Lazima ifuatane na mguu, na saa, na alama za chini.

#9 Mkorosho

Aisee. Sasa niende kwenye hoja ya jirani. Mihogo. Kwa sababu kama kweli anakula mihogo, itakuwa vigumu kuwazuia vijana.

#10 Kisiki cha Mpingo

Nenda na jirani shambani, mkachukue muhogo mmoja ulioliwa, muuangalie kwa makini. Panya buku na ndezi huacha alama za meno mawili yanayokwenda sambamba, kama mtu aliyekwangua kwa patasi ndogo. Nguruwe hufukua tuta zima na kulisambaza. Fuko hula akiwa chini ya ardhi, unakuta shina limesimama na chini hakuna kitu.

Sange mkubwa hana uwezo huo. Meno ya mbele ya juu hana, au ni vidogo visivyo na kazi. Chakula chake ni mchwa, mende, jongoo, buibui, tandu, minyoo, vitu anavyoviokota kwa ulimi mrefu unaotokeza mbele ya pua. Muhogo kwake ni kama jiwe. Ukimkuta kwenye tuta, ujue amefuata mchwa.

Halafu fikiria upande wa pili. Mtego wa waya haumchagui mnyama. Unautega kwa ajili ya mla mihogo wa usiku, unakamata mla mchwa wa mchana. Sange huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Wanaishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo lao wanalolilinda. Mkiua mmoja kati ya wawili hao, mmevunja kaya. Na kisheria pia, kutega wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na hapo mlipo mnapakana na hifadhi inayosimamiwa na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Vijana wenu wasije wakaingia matatani kwa mnyama ambaye hajawaharibia chochote.

#11 Mwana wa Gede

Hamjambo nyote. Naandika kutoka upande wa Watamu, Kenya. Nimefurahi kuona uzi huu kwa sababu huku tuna ndugu wa huyo mnyama wenu, ila wetu ana kitu kimoja ambacho ukikiona huhitaji kuuliza: kiunoni kwa nyuma ana kiraka cha rangi ya dhahabu. Akikimbia ndicho unachokiona kinametameta kwenye kivuli.

Huyo ni Rhynchocyon chrysopygus, na makao yake makubwa ni msitu wa Arabuko-Sokoke. Tena ukitembelea magofu ya Gede, tulia karibu na kuta asubuhi, usizungumze, utasikia majani yanachakurwa kabla hujamwona. Mtafiti Galen Rathbun kutoka Marekani aliwasoma hapohapo Gede miaka ya 1970, na ndipo ikajulikana mengi kuhusu maisha yao ya wawili wawili.

Mambo ya viota niongezee kidogo, kwa sababu nimeyaona. Mnyama huchimba kishimo kidogo kwa mikono, akakitandika majani ndani, kisha akakusanya mengine juu mpaka panafunikika. Kazi hiyo hufanywa zaidi asubuhi mapema, majani yakiwa bado yana unyevu wa umande, pengine kwa sababu hayapigi kelele. Anakuwa na viota kadhaa na habaki kwenye kimoja. Kwa hiyo Mkorosho akikuta kiota hakina mtu, asidhani mnyama amehama. Hata wanaowahesabu sange msituni huhesabu viota, maana kumwona mnyama mwenyewe ni bahati.

Na kuna ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa ambaye humfuata nyuma sange, akidaka wadudu wanaotimuliwa. Ukisikia huyo ndege anaruka chinichini kwenye majani, angalia mbele yake.

Hali yao huku si nzuri. Yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Misitu ya pwani imekatwakatwa vipande, na mitego ya tanzi imewamaliza wengi. Nawaomba sana ndugu zetu wa Kisarawe, hicho kichaka kati ya shamba na msitu kiacheni. Kwa sange kichaka cha mikono michache ni njia ya kupitia, na bila majani makavu chini hana chakula wala pa kulala.

#12 Mama Kuku wa Kienyeji

Nimesoma yote. Basi huyo si mwizi wangu. Swali langu: anauma? Wajukuu wangu wakimwona watamfukuza wamshike.

#13 Kisiki cha Mpingo

Shikamoo mama. Atakimbia kabla hawajamfikia, ni mwepesi sana. Lakini wafundishe wajukuu kanuni moja kwa wanyama wote wa porini: hatumshiki, na zaidi hatumshiki yule asiyekimbia. Mnyama wa porini anayekuja karibu na watu bila woga, anayeyumba, anayetoka mate, iwe nguchiro, kicheche au bweha, huenda ana kichaa cha mbwa. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Usisubiri kuona kama ataugua, kwa sababu dalili zikishatokea hakuna tiba.

#14 Mkaazi wa Kusini Unguja

Asalaam aleikum. Na sisi Unguja tunaye. Upande wa Jozani anaonekana, kichwa chekundu na nyuma kweusi vilevile. Wa kwetu wamepewa jina la Aders, sawa na paa nunga. Wazee wanamjua vizuri, kwa sababu wasasi wakiingia na mbwa huyu ndiye hutoka mwanzo.

Nina suala. Kuna mwengine mdogo zaidi, rangi ya kahawia tupu, macho makubwa yenye duara jeupe pembeni. Naye ana pua hiyohiyo. Ni mtoto wa sange huyu?

#15 Kisiki cha Mpingo

Waaleikum salaam. Siye mtoto. Huyo ni sange wa aina nyingine, Petrodromus tetradactylus, uzito wake ni gramu 200 tu hivi. Yuko Unguja, yuko pia pwani ya bara mpaka Arabuko-Sokoke. Duara jeupe la jicho ndilo alama yake. Alama ya pili iko chini: yeye hutengeneza vijia, anafagia majani mpaka ardhi inaonekana, na kukimbia kwake ni kwa kufuata vijia hivyo. Akihofu hupiga chini kwa mguu wa nyuma, wakati yule mkubwa hupiga kwa mkia.

Mtoto wa sange mkubwa ni vigumu kumwona, kwa sababu hukaa kiotoni wiki mbili hivi za mwanzo. Akitoka, siku chache tu anamfuata mama, kisha anajitafutia.

Na kwa walio sehemu kavu, Dodoma, Tsavo, Kibwezi, mnaye mdogo zaidi, Elephantulus rufescens, gramu 50 hadi 60. Huyo ndiye watu hupita naye maisha yote wakisema ni panya wa porini.

#16 Laikipia Boy

Wadau, naomba nichomeke swali langu hapa kwa sababu naona kuna mtu anajua. Niko karibu na Nanyuki. Mbwa wangu alikabana na mnyama usiku kwenye mawe. Mnyama ni wa kijivu na nyeusi, manyoya marefu, anaenda polepole tu hata hakukimbia. Alipokasirika alisimamisha nywele za mgongo, na ubavuni kukafunguka mstari mweupe na katikati yake ukanda wa kahawia. Mbwa alimuuma mara moja akamwachilia. Baada ya hapo mbwa akaanza kutoa povu, akayumba, akaanguka. Hakupona. Watu wanasema ni nyoka, lakini mimi nilikuwa hapo na tochi. Ni kicheche?

#17 Kisiki cha Mpingo

Pole sana kwa mbwa wako. Ulichoeleza hakilingani na kicheche. Kicheche ana mistari meupe na myeusi inayotoka kichwani hadi mkiani, iko wazi muda wote, na silaha yake ni harufu. Huyo wako alificha mstari mpaka alipotishwa, akakaa ubavu wazi kana kwamba anamwambia mbwa auume palepale. Huyo ni Lophiomys imhausi, panya mkubwa wa manyoya marefu.

Hiyo ni habari kubwa sana. Panya huyu hutafuna magome na mizizi ya msunguti, mti uleule ambao watu wa Kenya, Wakamba na Wagiriama miongoni mwao, wamekuwa wakichemsha kupata sumu ya mishale. Kisha hupaka mate yale kwenye ule ukanda wa kahawia ubavuni. Nywele za pale haziko kama nyingine, zina matundu nje na nyuzinyuzi ndani, zinafyonza sumu na kuitunza. Mbwa akiuma pale, anaikuta kinywani, na sumu hiyo huushambulia moyo. Jonathan Kingdon na wenzake walilieleza jambo hili kisayansi mwaka 2011. Mwaka 2020 watafiti waliofanya kazi Kenya wakachapisha matokeo baada ya kuwakamata panya 25 na kuwaachia, na wakaonyesha kwamba nao hukaa dume na jike pamoja, na chakula chao ni majani na matunda.

Yeye mwenyewe hamfuati mtu wala mbwa. Ukimwona tena, mwite mbwa kwa nguvu zote na umrudishe nyuma. Msimguse mnyama kwa mikono, hata akiwa amekufa.

#18 Laikipia Boy

Hii imenifungua macho. Msunguti uko hapa juu ya mawe, tena mmoja umechunwa chinichini na nilidhani ni ng'ombe. Nitawaambia majirani wafunge mbwa usiku upande ule.

#19 Binti Kilombero

Nimefuatilia uzi huu tangu juzi. Kisiki umetaja Udzungwa, tafadhali simulia ya sange wa Ndundulu, wengi hawaijui na ni ya nyumbani kwetu.

#20 Kisiki cha Mpingo

Kweli, inahusu hasa mada hii ya kutambua.

Mwaka 2005 mtafiti Muitalia, Francesco Rovero, alikuwa ametega kamera zinazojipiga zenyewe kwenye msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Katika picha akaonekana sange ambaye hakulingana na yeyote aliyejulikana: uso wa kijivu, nyuma mweusi, na mkubwa. Picha peke yake haikutosha. Akamtumia Rathbun, yuleyule wa Gede, na mwezi Machi 2006 timu ikapanda huko kumtafuta. Wakamkamata, wakampima: gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 126 tangu sange mkubwa mwingine mpya aelezwe. Makazi yake yote yanayojulikana ni misitu ya Udzungwa, kama kilomita za mraba 300 tu.

Zaidi ya miaka 126, wakuu. Wanyama wale walikuwepo muda wote huo, wanachakura majani yao. Ndiyo maana nakereka nikisikia mtu ameua kwanza ndipo anauliza jina.

Iko nyingine ya karibuni. Huko Pembe ya Afrika kuna sange mdogo ambaye wanasayansi hawakuwa wamerekodi habari zake kwa miongo kadhaa, na mikusanyo ya makumbusho ilikuwa na sampuli chache tu za zamani kutoka Somalia. Mwaka 2019 timu ilikwenda Djibouti, ikatega mitego ya kukamata wazima kwa chambo cha siagi ya karanga na oti, na mtego wa kwanza kabisa ukampata. Habari ikatangazwa Agosti 2020. Lakini kabla ya mitego, walikuwa wamewaonyesha wenyeji picha, na wenyeji wakasema huyu tunamjua, yuko pale kwenye mawe. Kwa wenyeji hakuwahi kupotea. Ujuzi wa mfugaji na mkulima ndio ulioelekeza mitego iwekwe wapi.

Kwa hiyo Mama mdogo wa Mkorosho, aliyekataa mnyama asiguswe, amefanya kazi ya mtaalamu.

#21 Mkorosho

Nimemsomea yote haya, amefurahi sana. Leo tumekaa na jirani na wale vijana. Tulichukua muhogo ulioliwa tukauangalia pamoja: alama mbilimbili, zimekwenda sambamba kama Kisiki alivyosema. Jirani mwenyewe akasema hayo ni meno ya ndezi. Nyaya zimetolewa upande wa kichaka. Wamekubaliana kuzungushia matuta uzio wa fito upande wa bondeni, ndezi wanakotokea kwenye matete.

Nimepata na picha, nimeiweka hapa chini. Haiko wazi sana lakini kichwa, mgongo na kile kipande cheupe cha mkia vinaonekana.

#22 Mwana wa Gede

Picha nzuri kabisa. Ni petersi bila shaka. Iweke pia kwenye programu ya iNaturalist, pamoja na tarehe na mahali, ili wanaofuatilia spishi hizi waione. Ila mahali usiweke kwa usahihi wa nukta, weka eneo tu, wawindaji nao wana simu.

#23 Mzee wa Rondo

Habari zenu. Niko Lindi, karibu na msitu wa Rondo. Huku sange tunaye, lakini si kama wa kwenye picha hiyo. Wa kwetu mgongoni nikimwangalia kwenye mwanga naona kama madoa yamepangwa mistari. Kijana wangu anasema ni mweusi tu, hakuna madoa. Tumebishana sana. Nani yuko sahihi?

#24 Kisiki cha Mpingo

Shikamoo mzee. Inawezekana mko sahihi wote wawili. Kusini ya mto Rufiji sange mkubwa ni mwingine, Rhynchocyon cirnei, mwenye mistari ya madoa meusi na meupe mgongoni. Lakini rangi yake haiko sawa kila mahali. Bara madoa yanaonekana wazi, na kadiri unavyokaribia bahari rangi hukolea mpaka madoa yanazama, unayaona mwanga ukipiga kwa pembe fulani tu.

Mkipata nafasi, mpigeni picha ya ubavu, siyo ya uso, jua likiwa nyuma yenu. Asubuhi mapema ni bora kuliko adhuhuri. Kama mnaweza kupata wawili au watatu tofauti, mmoja wa Rondo kwenyewe na mwingine wa karibu na pwani, wekeni zote hapa na muandike kila moja imepigwa wapi. Na huko Rondo mkitembea usiku na tochi, angalieni pia juu ya vichaka: yuko komba mdogo kabisa, gramu 60 hivi, aliyepewa jina la msitu wenu. Huku Pugu na Kazimzumbwi naye yupo. Picha zake ni chache sana, kwa hiyo yoyote mtakayopata, hata ya ukungu, tuleteeni.